Binti yako anataka kujiunga skauti? Soma hapa kabla hujamkatalia

Wazazi wenzangu wa Mwanza, binti akija na habari za skauti usianze na "gwaride litakusaidia nini". Kwanza jua njia zipo mbili, kuna skauti wenyewe ambao siku hizi wanachukua wavulana na wasichana, halafu kuna Girl Guides ambayo ni ya wasichana watupu na hapa kwetu Tanzania ipo toka 1928. Mara nyingi vyote vinaendeshwa shuleni kwahiyo we mtafute mwalimu mlezi umuulize.

Ukishampata, nenda siku ya mazoezi ukae pembeni uangalie. Kama watoto wanapangwa mistari tu wapige saluti mgeni rasmi akija, tafuta kundi jingine. Kundi zuri limegawanywa vikundi vidogo, watoto sita mpaka nane hivi, na kila kikundi kinaongozwa na mtoto mwenzao, hapo ndo binti anajifunza kupanga zamu, kuamua na kuongea mbele za watu bila kutetemeka. Mi hicho nakithamini kuliko beji zote, maana nyumbani mabinti zetu kazi tunawapa kibao ila maamuzi hatuwapi.

Halafu kuna ziwa. Sisi wa Kirumba, Igombe, Ukerewe huko watoto wanakulia majini, na kuanzia kuzama kwa meli ya MV Bukoba 1996 mpaka kivuko cha MV Nyerere 2018 hakuna wa kutusimulia. Uliza kabisa kama wanafundisha kuokoa mtu. Anayezama usimfuate majini, atakung'ang'ania mzame wote, lala kifudifudi ukingoni umnyooshee mti au kitenge, akiwa mbali chukua dumu la lita 5, acha maji kidogo ndani lipate uzito wa kurusha, kaza kifuniko, lifunge kamba umrushie alishike. Na kuna fundo la kitanzi kisichokaza, unalipitisha kifuani chini ya makwapa, hata mkimvuta kwa nguvu halimbani pumzi. Akishafundishwa mpe kamba nyumbani amfunge kaka yake, tena na tena, mpaka aweze hata gizani.

Huduma ya kwanza pia, akiunguzwa na mafuta ya kukaangia samaki ajue ni maji safi ya kutiririka dakika 20, siyo dawa ya meno.

Kambi sasa, hapo uliza bila aibu. Mwalimu gani wa kike analala nao, vyoo viko wapi, akiwa kwenye siku zake itakuwaje, fomu ya ruhusa ya mzazi iko wapi, na namba ya simu ya kumpata mlezi usiku ni ipi. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka asiende, hata kama wenzie wote wanaenda.

Sare usikimbilie kushona. Mwache ahudhurie kwanza wiki kadhaa, ukiona siku ya mazoezi anaamka mwenyewe bila kuitwa, peleka kitambaa kwa fundi.