Mmishenari ukirudi nyumbani likizo: namna ya kugawa siku zenu bila kuisha

Jamani likizo ya nyumbani si likizo, hilo mlijue kabla hamjakata tiketi. Mnatoka fildi, kule mnakohudumu, mmechoka, mnafika kila mtu anawataka, mama anataka mkae kwake mwezi mzima, kanisa limeshawapangia Jumapili zote, marafiki wa zamani wanalalamika mmewasahau, na wafadhili nao wana haki ya kuwaona manake sadaka zao ndo zimewaweka kule. Mkimkubalia kila mmoja mtarudi kazini hoi kuliko mlivyotoka. Sisi mara ya kwanza ilitukuta hivyo, wiki sita tumelalia vitanda kumi na moja, mke wangu akawa anaamka usiku hajui choo kiko upande gani.

Kwa hiyo anzeni na kalenda, tena miezi mitatu minne kabla. Kaeni wawili, simu weka mbali, na cha kwanza kuandika ni siku za kupumzika, msianze na mialiko. Wiki ya kwanza ni ya usingizi, daktari na meno (meno msiyadharau, jino likianza kuuma mkisharudi kituoni mtanikumbuka).

Halafu wazazi, wa pande zote mbili. Hapa ndo watu wanagombana, manake siku za kwao na siku za kwetu huwa hazilingani hata mfanyeje, basi hesabuni kabisa muandike, na nyumba ya mama mkwe isiwe stesheni ya kushushia mabegi na kubadilisha nguo halafu huyoo mmetoka tena. Tafuta jioni moja ukae na mzee peke yenu. Umuulize dawa anazokunywa, nani anampeleka hospitali, usiku analala vipi, kwa sababu kwenye simu miaka yote anakwambia "sijambo tu mwanangu" na wewe unaamini kwa vile iko raha kuamini.

Sasa wafadhili. Soma Matendo 14 pale mwishoni, Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walilikusanya kanisa, wakaeleza Mungu alichofanya, wakakaa nao kitambo. Walikusanya watu pamoja! Nyie nyumba thelathini za nini? Pangeni mkutano mmoja kila mji, watu waje, mmalize. Ila wachache waendeeni wenyewe: mgonjwa, yule mama mzee anayetoa kidogo kila mwezi na hajawahi kukosa, na yule aliyeacha kutoa. Huyu wa mwisho nendeni kumsalimia tu, habari za hela msiziguse kabisa, mara nyingi utakuta alifukuzwa kazi na anaona aibu kuwaambia.

Kwenye kusimulia, andaeni ya dakika moja, ya dakika tano na ya dakika ishirini. Ya dakika moja ndo ngumu. Ukisema "huduma inaendelea vizuri, Mungu ni mwema" hakuna atakayekumbuka akifika getini. Sema hivi: kuna baba alikuwa anasimama nje ya dirisha wakati wa ibada, miaka miwili haingii, siku moja mvua ikamnyeshea akaingia, bado hajaamini lakini sasa ana kiti chake. Mtu akisikia hiyo anamwombea yule baba mwaka mzima. Slaidi kumi zinatosha, na picha za watu muombe ruhusa, kama ni mahali ambapo mtu akijulikana ameokoka anapata matatizo basi sura na jina visionekane kabisa, na muwaambie wasikilizaji wasirushe mtandaoni. Mke naye apewe maiki, hiyo ya "mtumishi wetu na mkewe" halafu mama wa watu anapunga mkono tu mimi inaniudhi.

Na msikubali kuhubiri mara tatu kila Jumapili. Adoniram Judson, yule mmishenari wa zamani wa Burma, alitoka Marekani 1812 akarudi mara moja tu, 1845, kifua kinamsumbua sauti imekwisha, ikabidi awe ananong'ona na mwingine anayarudia maneno yake kwa nguvu, na watu walijaa kumsikiliza hivyo hivyo, kwa hiyo si wingi wa mahubiri unaowaleta.

Pesa: asante inatangulia, tena asante ya kitu, "ile hela yenu ilinunua betri za sola", si asante ya jumla. Muwe na bajeti ya karatasi moja, nauli, kodi, bima, ada za watoto, na pengo ni kiasi gani. Mtu akiuliza mnahitaji nini usijibu "tuombeeni tu" wakati una deni la kodi, huo si unyenyekevu, ni kumficha ndugu yako.

Watoto msiwasimamishe mbele waimbe kwa lugha ya kule kama maonyesho. Kwenu si lazima pawe kwao, wengine wanalia usiku wanataka kurudi, wasikilizeni.

Marafiki watauliza "kukoje huko?" na baada ya dakika mbili wameshahamia mambo yao. Msikasirike, ulizeni na nyie ya kwao, miaka yote mlikuwa hampo.

Siku tatu za mwisho ziwe tupu. Na njia nzima muwe na daftari, kila mliyemtembelea mnaandika alichoomba mumwombee, mkishafika mnamtumia meseji fupi: vipi goti la baba, lile la kushoto?