Kutoa diski ya SAN kwenye LVM: anza kwenye seva, storeji baadaye

Seva ya Linux inayotumia LVM (mfumo wa kuunganisha diski kuwa kundi moja) ikibaki na LUN ya ziada, yaani diski inayotolewa na storeji kupitia SAN (mtandao wa kuhifadhi data), usikimbilie kuifuta kule kwenye storeji. Hamisha data kwanza. Huna haja ya kuzima chochote (hapa mpathb ni hiyo LUN, na vg_data ni kundi la diski lililo nayo):

1. pvmove /dev/mapper/mpathb
2. vgreduce vg_data /dev/mapper/mpathb
3. pvremove /dev/mapper/mpathb

Kabla ya kuendelea, endesha multipath -ll (multipath huunganisha njia kadhaa za kufikia LUN moja) na uandike pembeni njia zake zote (sdc, sdd...) pamoja na WWID, namba ya kipekee ya LUN. Kisha multipath -f mpathb, na kila njia uifute: echo 1 > /sys/block/sdc/device/delete. Ndipo umwambie mtu wa storeji aondoe LUN. Mpe WWID, jina mpathb linajulikana kwenye seva yako tu.

pvmove hunakili data kidogo kidogo kwenda diski nyingine za kundi lilelile, huku ikiweka alama ilipofika. Umeme ukikatika, andika pvmove tupu, itaendelea. Ukianza na storeji, multipath yenye queue_if_no_path (mpangilio wa kusubiri njia zote zikikosekana) itashikilia maombi bila kikomo, na hata amri ndogo kama pvs inaweza kuganda.

pvmove inagoma pale nafasi iliyobaki kwenye diski nyingine ni ndogo kuliko data unayohamisha. Linganisha kwa pvs -o+pv_used. Nafasi ikipungua, ongeza diski kwa vgextend. Na fanya pvmove usiku, maana inakula kasi ya diski kwelikweli.