Uzamili wa tiba ya usemi na lugha nchini Uingereza: cha kukagua na cha kujiandaa nacho

Kosa la gharama kubwa kuliko yote hufanyika kabla hata ya kujaza fomu: mtu anachagua kozi kwa kuvutiwa na jina. Vyuo vya Uingereza vina shahada nyingi za uzamili zenye maneno "lugha", "usemi" au "mawasiliano", na baadhi ni za nadharia na utafiti tu. Ukihitimu hizo huwezi kutibu mtu. Jina la kazi hii linalindwa kisheria, na anayelitumia bila kuwemo kwenye rejesta ya HCPC, baraza linalosimamia taaluma za afya, anavunja sheria. Basi anzia kwenye tovuti ya HCPC, utafute kozi yako katika orodha ya zilizoidhinishwa, ndipo usome mambo ya ada. Kozi yenyewe kwa kawaida ni miaka miwili ya kusoma muda wote. Ukikuta ya mwaka mmoja, shtuka.

Vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu. Isimu, saikolojia na biolojia hukubalika kwa urahisi. Kikwazo kwa msomaji wa huku ni Kiingereza: kiwango cha HCPC kwa taaluma hii ni sawa na alama 8.0 katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, pasiwe na sehemu iliyo chini ya 7.5. Kuandika ndiko kunakoangusha wengi, kwa hiyo jifanyie mtihani wa majaribio mapema. Na ile ruzuku ya pauni 5,000 kwa mwaka inayotajwatajwa kwa wanafunzi wa afya wa England, mwenye viza ya mwanafunzi asiipigie hesabu.

Kabla ya kuomba, tafuta nafasi ya kukaa na mtaalamu akiwa kazini. Ikikosekana, jitolee kwenye shule ya watoto wenye ulemavu au kwa waliopatwa na kiharusi. Andika ulichokiona, si ulivyojisikia: "Alipunguza picha kutoka sita hadi mbili, akasubiri sekunde kumi bila kusema neno, mgonjwa akataja kikombe." Ukiwa na mistari mitatu ya namna hiyo, barua yako ya maombi itasomwa hadi mwisho. "Napenda kusaidia watu" kila mwombaji anaandika.

Kisha yafundishe masikio. Unukuzi wa kifonetiki, yaani kuandika sauti kama zilivyotamkwa, huwatesa wanafunzi kwa sababu ubongo husahihisha unachosikia: mtoto anasema "lafiki", mkono unaandika "rafiki". Rekodi dakika mbili za mazungumzo ya mtoto kwa ruhusa ya mzazi, nukuu silabi kwa silabi, kesho yake nukuu upya bila kuangalia ya jana, halafu linganisha. Zilipotofautiana ndipo penye udhaifu wako. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili mara nyingi itakuwa irabu. Sisi tunazo tano, Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa takriban ishirini pamoja na zile unganifu.

Neva za fuvu, zile zinazotoka kwenye ubongo na kuendesha uso, ulimi na koo, usizikariri kwa namba peke yake. Ziunganishe na kinachoonekana. Mgonjwa akitoa ulimi nje ukapinda, na hitilafu iko kwenye neva ya kumi na mbili yenyewe, ulimi huelekea upande ulioathirika. Hitilafu ikiwa juu kwenye ubongo, huelekea upande wa pili.

Mazoezi ya kazini ni vipindi 150, kila kimoja nusu siku, kwa watoto na watu wazima. Sehemu inayotisha ni matatizo ya kumeza, ambayo nayo ni kazi ya mtaalamu huyu, na ni haki itishe: kuna wagonjwa ambao kinywaji huwaingia kwenye njia ya hewa bila hata kukohoa, kwa hiyo kutokohoa si ushahidi wa usalama. Jifunze mapema kupima jinsi vinywaji vilivyo vizito au vyepesi kutiririka kwa IDDSI, mfumo wa kimataifa wa viwango vya vyakula na vinywaji kwa wenye shida ya kumeza. Jaza bomba la sindano la ml 10 (bila sindano), achia kwa sekunde 10, soma kilichobaki: chini ya ml 1 ni kiwango cha 0, 1 hadi 4 ni cha 1, 4 hadi 8 ni cha 2, zaidi ya 8 ni cha 3. Kama hakidondoki kabisa, pima kwa uma au kijiko. Kwanza hakikisha kwa rula kwamba alama kutoka 0 hadi 10 zina urefu wa mm 61.5, mabomba hayafanani, na lenye kipimo kingine hukupa jibu la uongo.

Ukihitimu, sajiliwa HCPC kabla ya siku ya kwanza kazini, na utarajie takriban mwaka mmoja wa kusimamiwa kwa karibu. Kila kipindi cha mazoezi kiwe na tarehe, saa, aina ya mgonjwa na saini ya msimamizi, nawe ubaki na nakala. Ukihamia nchi nyingine utaulizwa hesabu hizo. Marekani, kwa mfano, ASHA, chama cha wataalamu wa fani hii, hutaka saa 400 za mazoezi, 25 kati yake za kutazama. Msimamizi aliyekwisha kustaafu ni vigumu kumpata atie saini.