Sauti imepotea Linux: libpulse0 za i386 na amd64 zikipishana

Usikimbilie Luthuli Avenue kununua spika mpya. Ukiweka Wine ya biti 32 (hutumika kuendesha programu za Windows kwenye Linux), maktaba za i386 (biti 32), kama libpulse0 ya sauti, hukaa kando ya zile za amd64 (biti 64), na lazima ziwe toleo lilelile, hadi tarakimu ya mwisho. Hazina ya nje (chanzo cha vifurushi kisicho rasmi) ikileta toleo jipya la amd64 pekee, apt (kisakinishi cha vifurushi) hukwama au hutaka kuondoa pipewire-pulse, huduma ya sauti. Soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kubonyeza Y!

Linganisha mistari ya "Installed":

apt policy libpulse0 libpulse0:i386

Zikitofautiana, zima hazina hiyo, endesha sudo apt update, kisha:

sudo apt install libpulse0=TOLEO libpulse0:i386=TOLEO

TOLEO ni lile la hazina rasmi. libpulse-mainloop-glib0 ikiwepo, itaje pia. Inadai toleo hilohilo.

Mwisho, washa upya huduma za sauti bila sudo, kwa kuwa ni za mtumiaji:

systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse