Mlima upi mgumu zaidi? Usiangalie urefu pekee

Sisi wa Malindi tumezoea usawa wa bahari, hata kule Marafa kwenyewe ni kushuka korongoni hehe, sasa mtu akikwambia mlima fulani ni rahisi muulize kwanza wanaanzia wapi. Chukua urefu wa kileleni, toa pale unapoanza kutembea, hiyo ndo kazi ya miguu. Halafu, kujua utatembea muda gani, piga hesabu ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa vilima vya Ngong yatosha kabisa.

Ila ukipita mita 3000 hewa ni nyepesi, hesabu hiyo yakuacha njiani. Kule Mlima Kenya, kutoka kambi ya Shipton's, mita 4200 hivi, mpaka kilele cha Lenana mita 4985 ni kidogo tu kwa karatasi, lakini mimi nilikuwa napiga hatua kumi nasimama, nahema kama changu aliyetupwa ngalawani, kichwa chagonga. Kwa hivyo linganisha pia pa kulala, juu ya 3000 usipandishe malazi zaidi ya mita 500 kwa siku.

Mwisho, angalia kama utahitaji mikono: Kilimanjaro mita 5895 waenda kwa miguu tu, Batian, kilele kirefu zaidi cha Mlima Kenya, 5199 hufiki bila kamba.