Somo: Hadithi ya kutisha inasimama kwenye masharti

Msomaji wa pwani hatishwi na jini kwa kuwa ni jini. Majini kawasikia tangu akibebwa mgongoni. Ukimwandikia "ghafla likatokea jini lenye kwato" anafunua ukurasa huku anakunywa chai. Kinachomshika ni masharti: mtu kapewa kitu, kakatazwa jambo moja, na sote tunajua atalifanya. Tena hadithi hizi zinayasema yasiyosemeka sebuleni: husuda ya ndugu, mirathi iliyoliwa, utajiri usiojulikana ulikotoka.

Hatua ya 1: Mahali kwanza, kiumbe baadaye

Nenda mchana, na daftari. Andika harufu, baridi na sauti. Unachokiona kitakuja chenyewe. Kwa walio Tanga, Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 tu kutoka mjini, upande wa barabara ya Mombasa. Mawe ya chokaa, harufu ya popo, na mahali ambapo watu huacha sadaka kwa mizimu (usiziguse, na uliza kabla ya kupiga picha). Wapo wasemao pango linatokea Mombasa, wengine Kilimanjaro. Waliolipima walikuta hata lile refu kuliko yote halifiki kilomita moja.

Hadithi iko katikati ya kauli hizo mbili. Kilomita moja ni kama hatua 1,400 za mtu mzima. Mhusika wako anahesabu kimoyomoyo. Anafika 1,400, tochi haijagonga ukuta, na upepo wenye harufu ya bahari unampiga usoni. Hapo huhitaji kiumbe chochote.

Au nenda magofu ya Tongoni, kusini mwa mji. Kwenye nguzo za makaburi kuna vishimo vya duara vilivyobaki pale mabakuli ya kaure yalipobandikwa zamani. Sasa tuseme bakuli moja liko kabatini kwa mtu Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, na mkewe kalitoa leo kumpakulia mgeni.

Hatua ya 2: Sharti moja, fupi, la kila siku

Masharti matano hayakumbukwi na yeyote, hata wewe mwandishi. Chukua moja linalogusa kitendo kinachofanywa bila kufikiri: "Ukiitwa usiku, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu." Lijaribu ndani ya nyumba yenye watoto, wapangaji na jirani mkopaji chumvi. Likivunjika kwa kusahau tu, ni sharti zuri. Likihitaji mhusika awe mjinga ndipo livunjike, tupa.

Hatua ya 3: Gawa maneno

Kwa hadithi ya maneno 2,500: 500 za mwanzo ni maisha ya kawaida, sharti litajwe kwa kupita tu. Livunjwe kabla ya neno la 900. Dalili tatu zifuate mpaka kwenye 2,000, na 500 za mwisho deni la kulivunja lidaiwe. Kiumbe aonekane mara moja, tena kipande: kisigino, au kivuli chini ya mlango.

Wengi huharibu katikati. Wanaweka paka, halafu bundi, halafu paka tena; dalili zote uzito mmoja, msomaji anazizoea. Zisogeze karibu na mwili: ya kwanza uani, ya pili sebuleni, ya tatu ndani ya chandarua.

Hatua ya 4: Fagia sentensi

Futa kila "ghafla" na kila alama ya mshangao. "Aliogopa sana" haimtishi mtu. Andika: "Swichi ilikuwa hatua mbili tu. Akaona afadhali mkono ubaki ndani ya shuka."

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mganga lazima awemo?*
Marahaba. Si lazima. Mganga anayeeleza kila kitu anaizima hofu. Akiwemo, ajue nusu tu, na hiyo nusu aiuze ghali.

*Mimi niko Dar, Tanga sijafika. Nitapata wapi wazo?*
Nyumba ya kupanga inatosha: chumba kimefungwa kufuli miaka yote, kodi inalipwa kila mwezi, na mlipaji hajulikani. Ukikaa na wazee, usiombe "hadithi ya jini", watakupa ile ile ya kila siku. Uliza: "Mlikuwa mkikatazwa kupita wapi saa ya magharibi?"

*Mchawi wangu ni kikongwe mwenye macho mekundu. Sawa?*
Mbadilishe, ndugu yangu. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa macho hayo hayo, nayo ni moshi wa jikoni tu. Halafu ni uvivu: msomaji kamjua mchawi ukurasa wa kwanza. Mpe kazi hiyo mpangaji anayelipa kodi kabla ya tarehe.

*Mwisho wangu anazinduka, kumbe ndoto. Mnasemaje?*
Hapana, dada. Ukimzindua umefuta deni, na msomaji kaogopa bure. Lihamishie kwa mwingine: mama kakaza midomo asiitike, mwanawe chumba cha pili akajibu "Abee".

*Naogopa kuandika usiku. Niache?*
Andika asubuhi, usiku kagua. Sentensi utakazosoma bila kutaka kugeuka nyuma, hizo ndizo za kuandika upya.