Muhogo ukishashika batobato, usikimbilie agroveti

Kila mvua ikianza hapa Busia, Kenya, napigiwa simu ile ile, majani ya muhogo yamejikunja yako na madoa ya njano, nipulize nini? Na ukiuliza unapata mtu ashapita agroveti akauziwa dawa ya kuvu, pesa imeenda. Dawa ya kutibu hakuna jamani. Batobato ni virusi.

Kuvu na bakteria ni viumbe kamili, vinakula, vinakua, kwa hivyo dawa iko na mahali pa kuvishika. Kirusi ni kapakiti tu, maagizo ya kurithi, DNA ama RNA, yamefungwa kwa ganda la protini, hakali hakapumui na nje ya seli hakafanyi lolote. Kazi inaanza wakati nzi weupe, wale wadogo wa chini ya jani, anadunga kunyonya utomvu. Anakiacha ndani ya seli, ganda linavuliwa, halafu seli iliyokuwa inajitengenezea vitu vyake inaanza kutoa nakala za kirusi, nakala juu ya nakala. Ni kama mgeni ameingia jikoni kwako, unga ni wako, kuni ni zako, na ni wewe unasonga ugali wa watu wake! Hizo nakala zinapenya seli jirani kupitia vijitundu vya ukutani, zikifika kwa mishipa inayobeba sukari zinatembea mmea mzima. Sasa hiyo dawa itaua nini na uache muhogo?

Ndio maana kijiti cha kupanda ni hatari kuliko nzi. Mti mgonjwa ukiukata vipande kumi, umepanda wagonjwa. Mimi mwenyewe nilibeba vijiti vya bure kwa shemeji, nikashukuru sana, mwezi wa pili shamba lote njano.

Na hii si kitu ya juzi, batobato iliandikwa huko Usambara, Tanzania, 1894, na miaka ya 1990 ile kali ikatoka Uganda ikaingia huku kwetu.

Angalau batobato inajionyesha. Michirizi ya kahawia, ule ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, ndiyo mjanja, jani laweza kuwa na unjano kidogo tu kando ya mishipa, tena yale ya chini, unavuna unapata mizizi imeoza kahawia, mikavu.

Kwa hivyo chagua miti ya mbegu kabla hujavuna, majani yakiwa bado juu, funga kitambaa kwa ile safi. Ukichimba, kata mizizi kadhaa vipande, ukiona kahawia wacha huo mti wote. Kama uko karibu na KALRO Alupe, kile kituo cha utafiti wa kilimo, uliza mbegu inayostahimili yote mawili. Ukishapanda pita shambani kila wiki ile miezi mitatu ya kwanza, ng'oa mgonjwa mapema, choma ama uzike. Usitupe kando ya shamba, kijiti cha muhogo kikilala chini mvua inyeshe kinachipuka tena.